Mkono wa Malcolm: Kwa Nini Tunabishana Juu ya AC/DC

Wapenzi wa muziki, wazee kwa vijana, hamjambo.

Asanteni kwa kunipa nafasi ya kusema kabla santuri hazijaanza kuzunguka. Mmenipa AC/DC, ile bendi ya roki ya Australia, na kila aliyewahi kukaa nasi anajua kwamba jina hilo huligawa kundi letu upesi kuliko uchaguzi. Wapo wanaoapa kwamba bendi hii ilikufa Februari 1980. Wapo wanaoapa kwamba ndipo ilipoanza kuishi. Wapo wasemao kwamba ni wimbo mmoja tu unaorudiwa kwa miaka hamsini, na wapo wanaoamini kwamba jina lenyewe ni la shetani. Halafu lipo kundi kubwa kuliko yote hapa Nairobi: wanaolivaa jina hilo kifuani bila kuwahi kusikia hata wimbo mmoja, kwa sababu fulana ilitoka kwenye belo la mitumba Gikomba au Toi, ikawa nyeusi, na ile radi katikati ya herufi ikawapendeza. Hao sina neno nao. Ningependa tu waketi nasi jioni moja wasikilize.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mabishano yetu mengi yanamtazama mtu asiye mwenye kesi. Tunapimana nguvu juu ya waimbaji, tunamkodolea macho mpiga gita Angus na kaptura yake ya shule, ilhali bendi hii ilijengwa na mtu mfupi aliyesimama nyuma, karibu na amplifaya, asiyetaka kutazamwa. Aliitwa Malcolm Young na alipiga gita la rithimu, lile linaloshikilia mdundo. Ukimwelewa yeye, nusu ya ugomvi inakwisha, na ile nusu inayobaki inakuwa na maana.

Hii ni bendi ya familia kabla ya kuwa ya mashabiki. Malcolm alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1953, na mdogo wake Angus akafuata mwaka 1955. Mwaka 1963 familia ikahamia Australia, ikatua Sydney. Huko kaka yao George akawa nyota na kundi la Easybeats, kwa hiyo wadogo hawa walikua wakiona kwa macho yao jinsi umaarufu unavyokuja na unavyoondoka. Mwishoni mwa 1973 wakaunda bendi yao, na usiku wa kuamkia mwaka 1974 wakapiga katika klabu ya Chequers, Sydney. Jina lilitoka kwa dada yao Margaret, aliyeliona limeandikwa kwenye cherehani kueleza aina ya umeme. Ni Margaret huyohuyo aliyemshauri Angus apande jukwaani na sare ya shule. Shikeni hilo la cherehani, tutalihitaji tukifika kwa shetani.

Mwimbaji wa kwanza, Dave Evans, hakudumu. Mwaka 1974 akaingia Bon Scott, naye pia mzaliwa wa Uskoti aliyepelekwa Australia akiwa mtoto. Alimzidi Angus kwa karibu miaka tisa, alikuwa ameshapitia bendi kadhaa, na maisha yalikuwa yamemkwaruza vya kutosha. Bon alikuwa msimulizi. Anaimba kama jamaa aliyeegemea kaunta, anakuambia jambo lililompata jana, na hujui ni wakati gani utani umekuwa majonzi. Katika albamu ya Powerage ya 1978 kuna wimbo wa mtu asiye na kazi wala senti, lakini amejipatia Cadillac ambayo hawezi kuitia mafuta. Mtu huyo sisi wa Nairobi tunamjua, tumepanga naye ploti moja. Wanaompenda Bon wanampenda kwa hilo, na mimi niko pamoja nao: kwa upande wa maneno, bendi hii haikupata tena mwandishi wa kiwango chake.

Mwaka 1979 albamu ya Highway to Hell ikawafungulia mlango wa Marekani. Miezi michache baadaye, tarehe 19 Februari 1980, Bon akakutwa amekufa London, ndani ya gari alimoachwa amelala baada ya usiku wa ulevi. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Hapa ndipo mashabiki walipogawanyika, na wengi hawajarudiana mpaka leo. Machi, kabla arobaini haijatimia, ndugu wale wawili walikuwa tayari wanawasikiliza waimbaji wapya. Aprili wakaingia studio ya Compass Point huko Bahamas. Tarehe 25 Julai albamu ya Back in Black ikawa madukani. Miezi mitano tu tangu kifo! Naelewa kabisa kwa nini jambo hilo linamchoma mtu. Kwetu aliyefiwa hupewa muda, na anayewahi kurudi sokoni husemwa.

Lakini tazameni walichorudi nacho. Jalada ni jeusi tii, bila picha ya mtu yeyote. Kabla ya gita lolote kusikika, inalia kengele, pole pole, pigo baada ya pigo. Kengele ya kweli, iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yao katika kiwanda cha Loughborough, Uingereza. Hayo ni matanga, ndugu zangu. Wametangaza msiba mwanzoni mwa kazi yao, kwa sauti ambayo kila mtu anaielewa bila kufasiriwa. Wazazi wa Bon wenyewe ndio waliowahimiza wasiache. Na mtu waliyempata, Brian Johnson, mwanamume wa kaskazini mwa Uingereza aliyekuwa wakati huo akijipatia riziki kwa kurekebisha mapaa ya magari, hakuwa mgeni kabisa: Bon alikuwa amewahi kumwona akiimba na kundi la Geordie, akarudi akimsifu kwa wenzake. Nani kati yetu anastahili kukasirika kwa niaba ya Bon kuliko baba yake na mama yake?

Huwa kuna uvumi kwamba maneno ya albamu ile yalitoka kwenye daftari la marehemu. Bendi imekanusha miaka yote, na Brian anasema aliyaandika yeye. Mimi nikiyasikiliza nasikia mkono wa mtu mwingine, usio na ule utani wa Bon, na kwangu hilo linatosha. Tuendelee.

Kuna jambo ambalo mashabiki wa pande zote mbili hulisahau. Albamu ya Dirty Deeds Done Dirt Cheap ilirekodiwa mwaka 1976, lakini kampuni yao ya Marekani iliikataa, ikaitoa huko mwaka 1981 tu, baada ya kuona Back in Black inavyouzwa. Ikapanda hadi nambari 3 katika chati ya albamu. Maana yake ni kwamba Wamarekani wengi walimjua Brian kwanza, kisha wakampokea Bon kama sauti kutoka kaburini. Sasa mwambieni shabiki kama huyo kwamba Brian ndiye mvamizi. Mpangilio wa kusikia ndio uliomtengenezea mapenzi, na hata sisi ni hivyo hivyo. Ukichunguza katika kundi letu, karibu kila mtu anamtetea mwimbaji aliyemsikia wa kwanza.

Back in Black inakadiriwa kuuzwa nakala milioni 50 duniani, na huko Marekani ilithibitishwa mwaka 2019 kuwa imefikia milioni 25. Hata hivyo haikuwahi kushika nambari 1 huko. Iliishia nambari 4. Mtayarishaji wake, Robert John Lange ambaye wenzake humwita Mutt, alizaliwa Mufulira, katika migodi ya shaba ya nchi tunayoiita leo Zambia. Nalitaja kwa furaha, kwa sababu tunaambiwa kila siku kwamba muziki huu hauna chochote cha kwetu. Sikio lililoisafisha sauti ya Highway to Hell, Back in Black na ile mpya iliyofuata mwaka 1981 lilifunguka kwanza kwenye udongo wa Afrika.

Sasa niingie kwa Malcolm, ambaye ndiye hasa aliyenileta hapa.

Wanaosema AC/DC ni wimbo mmoja hawakuanza jana. Mwaka 1976 jarida la Rolling Stone liliipokea albamu yao ya kwanza ya kimataifa kwa kuandika kwamba roki ngumu imefika mahali pa chini kabisa. Mhakiki alisikia kordi tatu, yaani mafungu matatu ya noti zinazopigwa pamoja, ngoma inayogonga bila madoido, na kelele. Hakuwa kiziwi. Alichosikia kipo. Ila hakusikiliza nafasi zilizo katikati.

Chukueni kile kipande cha gita kinachoubeba wimbo wa Back in Black wenyewe. Kordi ni E, D na A, ambazo mwanafunzi wa gita huzijua katika majuma yake ya mwanzo. Malcolm anagonga, kisha ananyamaza. Gita linakatwa, halining'inii. Katika kile kimya ngoma ya Phil Rudd inatembea peke yake, na wewe unajikuta unangoja. Kisha anagonga tena, wala hakimbizi. Ni kimya hicho kinachokufanya utikise kichwa. Wanafunzi wengi wa gita hapa mjini huongeza makwaruzo ya umeme mpaka mwisho wakidhani ndiyo siri ya roki ngumu, kisha wanashangaa kwa nini hawafanani na AC/DC. Malcolm alifanya kinyume. Alitumia gita aina ya Gretsch ya mwaka 1963, akaifunga nyuzi nene ambazo vidole vya wengi wetu vingelalamika, na akaiacha sauti ikiwa karibu safi. Ukali ulitoka mkononi. Ndiyo maana napendekeza msiihukumu bendi hii kwa spika ya simu, wala kwa ile matatu ambamo besi imemeza kila kitu. Ule mkono haupiti hapo.

Na jambo hili la kurudia, sisi Waafrika Mashariki ndio wa mwisho kupaswa kulilalamikia. Kumbukeni Simba Wanyika. Ndugu wawili, Wilson Peter na George Peter Kinyonga, wanatoka Tanga, wanaingia Nairobi mwaka 1971 na magita yao, wanakuwa wafalme wa mji wasiozaliwa ndani yake. Mmeona? Ndugu wawili, magita mawili, nchi ya ugenini. Vijana wa Young walikuwa na hadithi iyo hiyo kule Sydney. Mwaka 1978 Omar Shabani akaondoka Simba Wanyika na wenzake kadhaa, wakaunda Les Wanyika, wakatupa Sina Makosa ambao hakuna harusi Nairobi inayokwisha bila kuucheza. Na Omar Shabani alikuwa akipiga gita gani? Rithimu! Alipoondoka, mdundo ukahama naye. Mpaka leo wazee wa River Road wakikutana watabishana Wanyika wa kweli walikuwa wapi, na sijasikia hata mmoja akilaumu nyimbo zile kwa kufanana. Zinafanana kwa sababu ni nyumba moja. Mtu haendi kucheza Wanyika ili ashangazwe. Anakwenda kwa sababu anajua gita lile la pili litaingia, na likiingia mwili unajijibu.

Basi AC/DC wapewe haki hiyo hiyo. Ninakubali kwamba zipo albamu zao zilizochoka, hasa katikati ya miaka ya themanini, ambazo sizichezi nyumbani. Flick of the Switch ya mwaka 1983, waliyoitayarisha wenyewe baada ya kuachana na Lange, iliuzwa vibaya na ikasemwa vibaya, na mimi naiweka juu ya nyingi zilizopendwa kwa sababu ni kavu na haina rangi yoyote ya kupakwa. Tutaisikia leo, mniambie.

Kuhusu shetani nitasema kwa heshima, maana najua humu wamo watu wa kanisa na wamo wazazi. Kizazi changu hakikulichukulia jambo hili kwa mzaha. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na katika hali kama hiyo kijana mwenye kanda iliyoandikwa jina la jehanamu alikuwa na kazi ya kujieleza. Marekani nako, mwaka 1985, muuaji Richard Ramirez alipokamatwa, ilisemwa sana kwamba alikuwa mpenzi wa AC/DC, na kofia yenye jina lao ilikuwa imekutwa mahali pa mauaji. Bendi ikashambuliwa, na watu wakaanza kusema kwamba herufi zile nne ni kifupi cha maneno ya kumpinga Kristo. Hapana. Ni cherehani ya Margaret. Nayo Highway to Hell, kwa maelezo yao wenyewe, ni malalamiko juu ya uchovu wa kuishi barabarani, mji baada ya mji, ndani ya basi. Anayetaka kuwaogopa ana haki yake, lakini aogope kitu kilichopo. Nairobi yetu imetoa vijana kama wale wawili wa kundi la Duma, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na muziki wao ni mkali mara kumi kuliko wowote ambao Angus amewahi kuupiga. Vijana hao wasikilizwe kwa masikio, wasisomewe mashtaka kutokana na majina ya nyimbo.

Lakini lipo shtaka moja ambalo sitalitetea. Namna bendi hii ilivyoimba juu ya wanawake, tangu enzi za Bon hadi za Brian, mara nyingi ni ya kuwadogosha, na akina dada wanaokuja kwenye vikao vyetu wamelisema hilo waziwazi. Wana haki. Zipo nyimbo ambazo gita lake nalipenda sana na maneno yake siwezi kuyaimba mbele ya binti yangu. Anayesema hilo linamtosha kuiacha bendi nzima, simwiti mshamba wala simwambii hajui muziki.

Tumalizie na ugomvi mpya, wa miaka kumi hii. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba Malcolm ameugua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na hawezi kuendelea. Alifariki tarehe 18 Novemba 2017, na George kaka yao alikuwa ametangulia mwezi mmoja tu kabla. Katikati ya hayo, mwaka 2016, Brian aliambiwa aache jukwaa la sivyo atakuwa kiziwi kabisa, na Axl Rose wa Guns N' Roses akaitwa kumalizia ziara. Alianza Lisbon akiwa ameketi kwenye kiti kikubwa, mguu umevunjika. Wapo humu waliotukana siku ile. Mimi nilisikiliza, na nilichosikia ni mtu aliyezipenda nyimbo za Bon kwa dhati, akazitoa tena nyingine ambazo hazikuwa zimepigwa jukwaani kwa miaka mingi. Heshima ilikuwepo. Kilichonisumbua kilikuwa kingine: niliona tunabishana juu ya koo la Axl, na hakuna aliyekuwa anauliza nani sasa anashika rithimu.

Anayeishika ni Stevie Young, mtoto wa kaka yao mwingine. Mwaka 1988, Malcolm alipokaa pembeni kupambana na pombe, ni Stevie aliyejaza nafasi katika ziara ya Marekani. Alijifunza mkono ule nyumbani. Na albamu ya Power Up ya mwaka 2020, ambayo Brian alirudi kuiimba, ina nyimbo kumi na mbili, zote zimeandikwa kwa majina mawili tu, Angus na Malcolm, kwa sababu zilijengwa kutokana na vipande ambavyo ndugu hao walivitunza kwa miaka mingi. Malcolm alikuwa amefariki miaka mitatu, na bado ndiye mtunzi.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama kundi lililozunguka Ulaya mwaka 2024, likiwa na mpiga ngoma mpya na mpiga besi mpya, na Angus akielekea miaka 70 katika kaptura ileile, ni AC/DC kweli, jibu langu ni ndiyo. Ni ndiyo kwa sababu mkono umebaki ndani ya ukoo. Hapohapo nasema kwamba siku Angus atakapolitua lile gita lake, jina nalo litue. Lisiuzwe, lisikodishwe kwa vijana wa kuiga. Najua wapo watakaonipinga katika hilo, na mzee wangu aliyeketi pale mbele ameshaanza kutikisa kichwa.

Mtanipinga baadaye. Tunaanza na Powerage, upande wa kwanza mzima, bila kurukwa. Halafu Flick of the Switch. Back in Black itakuja ya tatu, na naomba mwenye mashine aipige kwa spika kubwa, asiguse kitufe cha besi.